Natafuta nyumba ya kukodi Mjini Unguja kwa familia ya watu wanane

Mpemba wa Chake:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Chake Chake, na panapo majaaliwa mwezi ujao nitaripoti katika ofisi iliyo karibu na Mnazi Mmoja. Nahama na mke wangu, wavulana wawili, wasichana watatu na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na anahitaji kuwa karibu na hospitali. Nahitaji vyumba vitatu vya kulala kwa uchache, na vinne ikiwezekana, kwa sababu watoto wamekwisha kuwa wakubwa na hawawezi kuchanganywa chumba kimoja, na mama siko tayari kumlaza ukumbini. Uwezo wangu ni shilingi laki tano kwa mwezi.

Madalali niliozungumza nao kwa simu wananitaka nitume fedha ya kushikia nyumba kabla sijaiona, na mmoja anasema mwenye nyumba hapokei chini ya kodi ya mwaka mzima. Naomba wenyeji mnieleze mitaa ipi inafaa familia kama yangu, na kama masharti haya ndiyo utaratibu wa huko.

Mkaazi wa Michenzani:
Wa alaykum salaam, kaka. Kwa kazi iliyo Mnazi Mmoja, mimi ningeanza kuulizia Michenzani na Kikwajuni, kwani kutoka huku unakwenda kazini kwa miguu, na mama atafika hospitali bila ya kupanda gari mbili. Majumba haya ya fleti yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ajili ya kuwapatia wananchi makaazi bora, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki walishiriki katika kazi hiyo. Fleti zake nyingi zimo mikononi mwa familia zilezile kwa miaka mingi, kwa hivyo inayokodishwa aghalabu haitangazwi popote. Utaisikia msikitini baada ya sala ya Alasiri, au barazani penye kahawa.

Kwa mama yako, usikubali ghorofa ya juu hata ukiambiwa bei imepunguzwa, kwani hapa hakuna lifti. Jambo la pili ni maji, na naomba ulizingatie kuliko idadi ya vyumba. Maji ya bomba mara nyingi hayana nguvu ya kupanda juu, ndiyo maana utaona madumu yamepangwa kwenye ngazi, na watoto wanapandisha ndoo kabla ya kwenda skuli. Nenda asubuhi, wakati majirani wote wanatumia maji, ufungue mwenyewe bomba la jikoni na la chooni, kisha uulize tangi ni la nani, pampu inalipiwa umeme na nani, na likikauka nani analijaza. Watu wanane hawawezi kuishi kwa ahadi ya kwamba maji yatakuja usiku.

Mama wa Mpendae:
Kaka wa Michenzani amesema kweli kuhusu maji, lakini kwa watoto watano mimi simshauri ndugu yetu kujibana kwenye fleti. Kwa kodi hiyohiyo atafute nyumba ya chini yenye ua, Mpendae, Magomeni au kuelekea Fuoni, ambako mama atakaa nje jioni bila ya kushuka ngazi. Daladala ya Mpendae, namba 510, inafika mjini, ingawa asubuhi hujaa na inabidi kutoka mapema.

Khatari ya huku ni mvua. Mji umepanuka haraka mno: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na nyumba nyingi zimejengwa mabondeni ambako maji ya masika hayana pa kupita. Ukiingia ndani, usiangalie marumaru tu. Tazama kuta kwa chini. Ukiona mstari wa rangi ya udongo unaozunguka chumba kwa urefu mmoja, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya ukuta tu, jua kwamba maji yaliwahi kuingia. Waulize majirani, khasa kina mama, kwani wao ndio waliobeba magodoro.

Mjumbe wa zamani wa shehia:
Ndugu yangu, usitume hata shilingi moja kabla ya kuingia ndani ya nyumba hiyo na kuonana na mwenyewe. Dalali ana haki ya ujira wake, na huku aghalabu ni kodi ya mwezi mmoja, lakini anastahiki baada ya mkataba. Kodi ya mwaka huombwa sana, ila miezi sita inazungumzika, khasa kwa mtumishi mwenye barua ya uhamisho mkononi.

Mkataba uandikwe, utaje nani analipa maji na nani anatengeneza paa na pampu, na usainiwe mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, ambaye vyovyote vile itakubidi ujitambulishe kwake. Umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, uwe na mita yako peke yako. Mji Mkongwe usipoteze muda kutafuta: tangu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 wageni wameongezeka, na wenye nyumba wengi hupendelea kuwakodishia wao. Mbweni na Mazizini kodi bado hutajwa kwa dola, ilhali kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, dai shilingi.

Mpemba wa Chake:
Nawashukuru sana nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nitavuka peke yangu wiki hii, nifikie kwa shemeji yangu Jang'ombe, na familia itabaki Chake mpaka nipate ufunguo. Nitaanza na Kikwajuni kwa ajili ya mama, nikikosa fleti ya chini nitakwenda Mpendae. Mama wa Mpendae, nikifika naomba uniunganishe na sheha wenu.

Mama wa Mpendae:
Karibu sana. Njoo siku ya kazi, asubuhi, uende ofisini kwake na kitambulisho na hiyo barua ya uhamisho. Huwa anajua nyumba zilizo tupu kabla ya madalali.