Mrejesho: mionzi ya binti yangu

Asalaam aleikum. Mwezi jana niliuliza hapa: binti yangu wa miaka minne ametolewa figo kwa uvimbe wa Wilms (saratani ya figo ya watoto), sasa daktari ataka apigwe mionzi ubavuni, je, haitamdhuru ukubwani? Wengi mlinambia nikatae.

Sikukataa. Tulivuka feri na mamangu, daftari la maswali mkononi. Kilichonishangaza ni uti wa mgongo. Nilidhani wataukwepa, kumbe pale ubavuni huzipiga pingili upana mzima, makusudi! Mionzi hudumaza mfupa unaokua. Ikigusa nusu ya pingili, upande mmoja wakua, mwengine wasita, mgongo wapinda. Ikigusa zote sawasawa, huenda akawa mfupi kidogo wa kiwiliwili, lakini mgongo una nafasi nzuri ya kunyooka.

Dozi yake ni grei 10.8 (grei ndicho kipimo cha mionzi). Zamani watoto walipigwa nyingi zaidi. Majaribio yaliyoanza Marekani 1969 ndiyo yaliyoonyesha kuwa kidogo chatosha. Hukohuko, tangu 1994, wanafuatilia maelfu waliopona saratani za utotoni, na baadhi ya madhara hujitokeza miaka ishirini, thelathini baadaye. Ndiyo maana nimeambiwa nitunze karatasi ya dozi na mahali palipopigwa, aje nayo hata akiwa mke wa mtu. Presha na mkojo vitapimwa kila mara, figo ni moja.

Twaanza Jumatatu. Na aliyenambia nimnyweshe mwarubaini, ahsante dadangu, lakini hapana.