Naomba ushauri: kujitolea na kuchangia mahali pamoja baada ya kustaafu

Wanachama wenzangu, salaam. Naomba ushauri wenu.

Nimestaafu uhasibu, na sasa najitolea siku mbili kwa wiki kutunza vitabu vya hesabu vya kituo cha watoto yatima. Pia nakichangia asilimia 5 ya pensheni yangu kila mwezi. Hapo ndipo nilipokwama: mfadhili na mtunza hesabu ni mtu yuleyule, jambo ambalo mkaguzi yeyote makini atalihoji.

Nimejaribu kupunguza hatari. Hundi husainiwa na watu wawili, mimi simo. Stakabadhi zina namba mfululizo, na kila mwisho wa mwezi nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Kinachonisumbua hasa ni fedha za matumizi madogo: kasha hujazwa tena kabla vocha (hati zinazoonyesha fedha zilitumika kwa nini) hazijarudi, hivyo pengo hujificha hadi mwezi unaofuata. Nikidai vocha kwanza, naonekana mfadhili anayewabana.

Je, niache kipi, kuchangia au kutunza vitabu? Na nikiendelea kuchangia, barua ya mchango wenye masharti niiandikeje ili bado waweze kulipa mishahara na umeme, gharama ambazo wafadhili wengi huzikwepa?