MJADALA: Mwanariadha aliyejitoa kwa ajili ya afya ya akili akirudi, arudishiwe nafasi yake?

Mwanzisha mada (Ngaramtoni, Arusha)

Wadau wa riadha wa Arusha na Moshi, heshima zenu.

Mkimbiaji aliondoka kambini kwa sababu ya sonona. Ametibiwa, sasa anataka kurudi kushindana. Tumpokee vipi? Kundi letu la mazoezi limegawanyika kabisa. Wapo wanaosema arudishiwe kitanda chake na nafasi yake kwenye timu kana kwamba hakuondoka. Wapo wanaosema aliyeacha ameacha. Binti mwenyewe sitamtaja, na mnaomjua nawaomba msimtaje.

Nitatoa mfano wa mchezo wa mbali, kuteleza kwenye barafu, kwa sababu huko jambo hili limetokea hadharani na matokeo yake yanajulikana. Gracie Gold wa Marekani alikuwa bingwa wa taifa lake mwaka 2014 na tena 2016. Olimpiki ya Sochi alishika nafasi ya nne na akarudi na shaba ya timu. Mwaka 2016 mashindano ya dunia yakafanyika Boston, kwao. Akaongoza baada ya onyesho fupi, onyesho refu likamharibikia, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba anakwenda kutibiwa sonona, hofu na matatizo ya ulaji. Olimpiki ya 2018 ikampita.

Sasa angalieni alivyorudi. Novemba 2018 alianzia juu, kwenye mashindano makubwa ya Moscow. Akawa wa mwisho katika onyesho fupi, akajitoa kabla ya refu. Msimu uliofuata akaanza upya kutoka chini, kwenye mashindano ya mchujo ya kanda, yeye mwenye medali ya Olimpiki akipanga foleni na wasichana ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Akapenya hadi mashindano ya taifa ya Januari 2020, Greensboro. Alimaliza wa 12, na watu ukumbini wakasimama kumpigia makofi.

Msimamo wangu ni huu. Nafasi kwenye timu aipiganie kama wenzake, lakini haki ya kuipigania asinyimwe na mtu yeyote. Asidaiwe cheti cha kuonyesha kwamba kichwa chake kimepona. Na kabla hajarudi, kambi imweleze kimebadilika nini pale alipougulia. Hili la mwisho naona watu wanalikwepa sana.

Mzee wa Mbulu

Kocha, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa Mbulu, kwa hiyo lazima nimtaje John Stephen Akhwari. Mexico 1968, marathoni, alianguka, goti likateguka. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, anachechemea, giza limeshaingia, akamaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Watoto wetu tumewalea kwa habari ile. Huyu binti kala chakula cha kambi, kavaa viatu alivyonunuliwa kwa michango, kaondoka wiki chache kabla ya mchujo. Simchukii, na namwombea afya. Lakini mkimfungulia mlango kirahisi, mwaka kesho kila anayechoka atasema ana sonona.

Mfuatiliaji wa Sakina

Barafu tunayoijua sisi ni ile ya Kibo. Mambo ya Wamarekani wenye wanasaikolojia wao yanatuhusu nini? Hapa tuna vijana hawana nauli ya kufika uwanja wa Sheikh Amri Abeid kufanya mazoezi.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Akhwari ni wetu sote na nafurahi umemleta. Lakini tumkumbuke mzima. Usiku ule hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha aendelee, uamuzi ulikuwa wake. Tena hadithi yake haikuishia Mexico: mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa tano katika marathoni. Nchi ilimpa mbio nyingine.

Kumaliza nako kuna michezo ambayo kunaua. Simone Biles, mwanasarakasi (jimnastiki) wa Marekani, alipojitoa katikati ya fainali ya timu kule Tokyo mwaka 2021, alikuwa amepoteza hisia ya mwili wake uko wapi hewani. Aliruka akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu, akatoka na moja na nusu. Mtu akiendelea katika hali hiyo anaweza kutua kwa shingo. Miaka mitatu baadaye, Paris, alichukua dhahabu tatu na fedha moja. Ningependa mzee wangu aniambie kama angemwita yule mwacha mbio.

Ndugu wa Sakina, umasikini wa kambi zetu ndiyo sababu ya kulizungumza. Hapa Olmoti unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi naufurahia kwa moyo wote. Anayeweza kupata saruji ya uwanja ule anaweza pia kumlipa mshauri nasaha mmoja wa kuzungukia kambi za mkoa.

Mkimbiaji, kambi hiyohiyo

Shikamooni wakubwa. Sikutaka kuandika ila naona mnanizunguka bila kunitaja. Mimi ndiye niliyechukua nafasi yake.

Sikuiba. Nimekimbia asubuhi za Julai, ukungu umefunika Ngaramtoni mpaka humwoni wa mbele yako. Nimeshusha muda wangu kwenye mita 10,000, na namba nimeipata kwa saa. Kwa hiyo nikisikia mtu anaandika "arudishiwe nafasi yake", najiuliza hiyo nafasi ni ya nani sasa. Nyumbani wananitegemea kama kwao walivyomtegemea yeye. Zawadi ya mbio moja ya kilomita 21 inalipa ada ya wadogo zangu.

Lakini niseme na lingine, maana tulilala chumba kimoja. Kabla hajaondoka alikuwa halali. Saa nane usiku yuko macho amekaa kitandani. Chakula alikuwa anakigusa tu. Tulikuwa tunapimwa uzito kila Jumatatu mbele ya wote, na aliyeongezeka anasomwa kwa sauti. Yeye akipungua alikuwa anasifiwa. Siku zake za hedhi zilikata miezi mingi, na aliyezipata miongoni mwetu alikuwa anaonekana hajakaza mazoezi. Wote tulijua hayuko sawa, na wote tulinyamaza kwa sababu muda wake ulikuwa unazidi kuwa mzuri.

Mizani hiyo bado ipo. Akirudi nitampokea, tutagombania namba uwanjani na akinishinda nitampa mkono. Ila akirudi mizani ikiwa palepale ataugua tena, na sioni kwa nini mimi nisifuate.

Muuguzi wa Moshi

Mdogo wangu hapo juu, asante, umesema mambo ambayo tunayasikia wodini yakiwa yamechelewa. Msichana kukosa hedhi kwa sababu ya mazoezi makali na chakula kidogo ni dalili kwamba mwili hauna nguvu ya kutosha kujiendesha. Mifupa inadhoofika, nyufa ndogo zinatokea kwenye miguu, usingizi na hisia vinavurugika. Kocha anaona miezi michache ya muda mzuri kisha anashangaa mchezaji amevunjika. Kule kwenye barafu ni hivyohivyo: mwili mwepesi unajizungusha upesi zaidi hewani, basi wasichana wanabanwa wabaki na miili ya kitoto. Baada ya Olimpiki ya Beijing 2022, shirikisho lao la dunia lilipandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Sisi tunawachukua kutoka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wakiwa wadogo hivyo, tunawaweka kambini mbali na mama zao, na hakuna mtu mzima aliyepewa kazi ya kuwauliza wamelalaje.

Kuna mtu kanitumia ujumbe akidai binti atafungiwa kwa sababu ya dawa. Dawa za kawaida za kutibu sonona hazimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Kila dawa ikaguliwe kwa jina lake, na daktari aelezwe kwamba mgonjwa ni mwanariadha. Lakini msimfanye akaacha matibabu kwa hofu ambayo haipo. Kuacha ghafla dawa hizi bila daktari kunaweza kurudisha ugonjwa.

Mzee wa Mbulu, shikamoo. Anayechoka hupumzika siku mbili akarudi anacheka. Sonona haifanani na hilo, na anayejifanya anayo hawezi kuigiza kwa miezi akikonda mbele ya watu wote.

Mama wa Majengo, Moshi

Mimi ni mzazi. Wangu alipoanza kukaa ndani mchana kutwa, ndugu walisema karogwa, wengine wakasema anatafuta mume. Nilikwenda kanisani na nilikwenda hospitali, vyote viwili, na sijutii hata kimoja. Ninachowaomba makocha ni mpige simu mapema. Mimi niliambiwa mtoto ameshafungasha begi yuko stendi.

Mzee wa Mbulu

Marahaba wanangu. Muuguzi nimekuelewa. Mambo ya mizani sikuyajua, na huyo binti aliyeandika ana ujasiri. Hata hivyo sijaondoka kwenye hoja yangu: fedha za michango ni za watu. Wachangiaji wana haki ya kujua kama atamaliza msimu.

Mwanzisha mada

Mzee, hakuna mkimbiaji yeyote anayeweza kukuahidi hilo, hata mwenye kichwa kitulivu na misuli ya chuma. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipata shaba ya dunia London 2017. Dhahabu ilikuja Tokyo 2025, miaka minane baadaye, na katikati ilipita Olimpiki ya Paris akiwa wa 17. Aliyemchangia mwaka 2018 akitaka hakikisho la medali angekata tamaa mapema sana.

Niongeze mfano wa Alysa Liu, naye ni wa kuteleza kwenye barafu, maana unajibu swali la nani aweke masharti. Alikuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 13. Aprili 2022, akiwa na miaka 16, ametoka tu kupata shaba ya dunia, akatangaza anaacha. Alikuwa amechoka na maisha ya uwanja wa barafu. Akakaa mbali karibu miaka miwili. Aliporudi alitaka awe na kauli juu ya muziki wake, mavazi yake na kiasi cha mazoezi yake. Machi 2025, Boston, akawa bingwa wa dunia. Siwezi kuahidi kwamba binti wetu atafika huko, na sitaki mtu amdai dhahabu kama bei ya kupokelewa. Gold alimaliza wa 12, na kwangu mimi kurudi kwake kulikuwa halali sawasawa na kwa Liu.

Baada ya kuwasoma, haya ndiyo nitakayoyapeleka kwenye kikao chetu cha Jumamosi. Mizani itoke hadharani. Anayehitaji kupimwa apimwe na mtu wa afya, faraghani. Binti akimbie mchujo pamoja na wote, na aliyepo sasa asipokonywe namba yake mezani. Aruhusiwe kuanza na mbio ndogo anazochagua mwenyewe, hata akitaka kuendelea kulala nyumbani badala ya kambini. Habari za matibabu yake zibaki kati yake na daktari wake. Wachangiaji wapewe hesabu ya fedha zao, wala wasipewe hesabu ya usingizi wake.

Nafahamu kipengele cha kulala nyumbani kitapingwa, kwa sababu makocha wengi wanaamini nidhamu inapatikana kambini tu. Mwenye hoja dhidi yake aiweke hapa kabla ya Jumamosi, nitaisoma kikaoni kama ilivyoandikwa.