Bahasha, barua pepe au kujitolea: njia ipi humvutia mwajiri zaidi?

MhitimuMwanza
Habari za leo, ndugu wanajukwaa. Nimehitimu shahada ya uhasibu na ninatafuta kazi katika kampuni binafsi hapa Mwanza, huku nikiendelea kuomba nafasi za serikalini. Wapo wanaonishauri nichapishe barua na wasifu, kisha nipite viwandani Nyakato nikiacha bahasha mapokezi. Wengine wanasema nitume barua pepe tu, na wengine wanasisitiza kwamba mhitimu asiye na uzoefu haaminiki, hivyo nianze kwa kujitolea. Naomba tulinganishe njia hizi tukitoa sababu.

MamaHesabu
Karibu, mwanangu. Mimi ni mhasibu mkuu katika kampuni ya usambazaji wa vyakula, na maombi ya wahasibu wasaidizi hupita mezani kwangu. Katika kampuni za ukubwa wa kati, ambazo mara nyingi hujaza nafasi bila kuitangaza, bahasha bado ina nguvu, lakini inategemea imefika siku gani. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na ritani, yaani taarifa, ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa kufikia tarehe 20. Mhitimu wa uhasibu anayekuja tarehe 19 na kuomba kuniona ananionyesha, bila kukusudia, kwamba hajaifahamu kazi anayoiomba. Akija tarehe 23 na barua inayoeleza kwa nini ameichagua kampuni yetu, nitaisoma siku hiyo hiyo. Barua isiyotaja hata jina la kampuni, ambayo ni dhahiri imetolewa fotokopi pamoja na nyingine nyingi, siimalizi.

Ukiitwa kwenye usaili, jiandae kufanya hesabu mbele ya watu. Huwa ninauliza: bidhaa imeuzwa kwa shilingi 118,000 pamoja na kodi ya asilimia 18, je, kodi ni kiasi gani? Wengi huchukua asilimia 18 ya 118,000 na kupata 21,240, ilhali jibu ni 18,000, kwa kuwa bei kabla ya kodi ni 100,000. Anayekosea, kisha akalipima jibu lake na kujisahihisha mwenyewe bila kusukumwa, kwangu anampita aliyepatia kwa kukariri.

AfisaRasilimaliwatu
Ninamheshimu Mama, ila ushauri wake haufai kila mahali. Katika benki na mashirika makubwa bahasha mara nyingi huishia kwa mlinzi getini, na mwombaji anayeipeleka wakati tangazo limeelekeza barua pepe huonekana kuwa mtu asiyefuata maelekezo. Unapotuma barua pepe, kichwa chake kitaje nafasi unayoiomba, nyaraka ziwe katika faili moja lenye jina lako, na usiache sehemu ya ujumbe ikiwa tupu, kwa kuwa hapo ndipo tunapoanza kusoma. Wadhamini wako wajue kwamba umewataja. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza mwombaji huyo ni nani, na maombi yale hayakuendelea.

Serikalini mambo ni tofauti kabisa. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa Ajira Portal, na huko hakuna mapokezi ya kuacha bahasha. Barua yako iwe imesainiwa, na kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, shughulikia hati za kisheria mapema, maana unaweza kufika kwenye usaili ukiwa na vyeti halisi mkononi na bado usiruhusiwe kuendelea.

KijanaWaIgoma
Kaka, mimi ninatetea kujitolea, ila kwa masharti. Nilianza katika ofisi moja ambako kwa muda mrefu nilitoa fotokopi na kupeleka barua benki, bila mkataba na bila msimamizi, na nilipoondoka sikuwa na jambo lolote la maana la kuongeza kwenye wasifu. Baadaye nilipata mafunzo ya uzoefu kazini kupitia Wakala wa Huduma za Ajira, yaani TaESA, nikapangiwa msimamizi aliyenikabidhi kazi ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha kila mwezi. Kazi hiyo ndiyo niliyoulizwa katika kila usaili uliofuata, na msimamizi yule ndiye mdhamini wangu hadi leo. Kabla ya kukubali, uliza utafanya kazi gani, chini ya nani na hadi lini, na majibu yawe kwa maandishi. Ofisi inayokataa kuyaandika inatafuta mtu wa kutuma bure.

MhitimuMwanza
Shikamoo Mama, na ninawashukuru nyote. Nitapeleka bahasha kwenye kampuni za kati baada ya tarehe 20, nitatuma barua pepe palipo na tangazo, na nitajiandikisha TaESA. Nina swali moja. Wakati wa likizo zote za chuo nilitunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu Kirumba, lakini sikuandika kwenye wasifu kwa kuhofia kwamba ni kazi ya nyumbani. Je, niiweke?

MamaHesabu
Marahaba, mwanangu. Iweke, tena juu ya semina zote ulizohudhuria. Usiandike tu kwamba ulimsaidia mjomba. Taja kwamba ulirekodi mauzo ya kila siku, ukayalinganisha na stakabadhi za EFD, yaani mashine ya kutolea risiti za kodi, ukafuatilia wadaiwa na kuhesabu mali iliyobaki stoo, kama kweli uliyafanya hayo. Mdhamini wa kazi hiyo asiwe mjomba peke yake. Kama duka lina mhasibu wa nje anayeandaa hesabu za mwaka na ambaye alipokea vitabu kutoka kwako, mwombe yeye.