Rafael González Perlas: wiki za kwanza tamu, miezi minne baadaye chungu. Nisubiri, au nimeshaziharibu?

Kiganja

Wakuu, habari zenu.

Naomba mawazo kuhusu sigaa ndogo ya Kuba ambayo sijaona mtu akiitaja humu. Ikizungumzwa Kuba ni Cohiba, Montecristo, Partagás, basi. Mimi nimeipenda Rafael González, ile ndogo kabisa inayoitwa Perlas. Urefu milimita 102, unene wa namba 40, yaani inakaribia milimita 16. Ukiilaza kiganjani haivuki ncha za vidole. Pete yake ya kahawia, ile karatasi inayoizunguka, ukiitupia jicho haraka utadhani Montecristo, na nadhani ndiyo maana watu wanaipita.

Shemeji yangu alinibebea kasha la 25 alipotoka Havana. Chini ya kasha kuna muhuri wa mwezi na mwaka, na ulikuwa wa miezi miwili tu nyuma. Ya kwanza niliiwasha siku ile ile alipofika. Kabla ya moto niliinusa mguuni, yaani ncha inayowashwa: nyasi kavu na mbao iliyorandwa sasa hivi. Moshi ulikuwa mwepesi, una utamu kama wa kahawa ya maziwa isiyotiwa sukari, halafu katikati ikaja ladha ya karanga iliyokaangwa kidogo, bado na ganda lake jekundu. Nilivuta mpaka vidole vikahisi moto. Wiki mbili zilizofuata nikavuta mbili nyingine, zote vile vile.

Nikaziacha kwenye sanduku langu la unyevu, kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 66. Baada ya miezi minne nikawasha ya nne. Wakuu, si sigaa ile! Harufu ya zizi puani, ulimi umeshikwa na ukakasi kama nimeng'ata bibo, na nusu ya pili chungu tupu. Nikadhani ni moja mbovu. Wiki iliyofuata nikajaribu mbili zaidi, uchungu ule ule. Mbili shemeji alikuwa ameshachukua zake, kwa hiyo zimebaki 17.

Kinachonisumbua ni maneno yaliyoandikwa kwenye kasha lenyewe. Yanasema, kwa maana yake, kwamba ili mjuzi aipate harufu yake kamili, azivute ndani ya mwezi mmoja tangu zisafirishwe kutoka Havana, au azitunze vizuri zikomae kwa karibu mwaka. Nilidhani ni mapambo ya biashara. Je, ni kweli? Kuna aliyeona haya kwa macho yake?

Mzee wa Jivu

Kijana wangu, hayo si mapambo. Chapa hiyo ni ya mwaka 1928 na ilitengenezwa kwa ajili ya wavutaji wa Uingereza. Hata umbo linaloitwa Lonsdale linasemwa lilianzia hapo, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa Kiingereza mwenye jina hilo. Sigaa ilikuwa inavuka bahari kwa meli, mnunuzi anaipokea ikiwa mbichi. Waliandika hivyo kwa sababu walijua inapitia kipindi kigumu katikati.

Sababu yenyewe ni hii. Msokotaji hawezi kusokota jani kavu, litavunjika. Kwa hiyo majani hulowanishwa kwanza, na tumbaku ikishapata unyevu inaanza tena kuchachuka kidogo hata baada ya kusokotwa. Hapo ndipo inatoa amonia, hiyo harufu ya zizi unayoisema. Sigaa ikiwa mbichi kabisa amonia bado haijakolea, na ikikaa mwaka amonia inakuwa imeshaondoka. Wewe umeivuta katikati ya ugonjwa.

Nakuuliza jambo moja tu: hicho kipimo chako ulishakihakiki?

Kiganja

Mzee shikamoo, na asante sana. Hapana, sijakihakiki. Nilikitoa dukani nikakiweka.

Mzee wa Jivu

Marahaba. Chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama tope, isiyeyuke. Weka kifuniko na kipimo ndani ya mfuko unaofungika bila kupitisha hewa, viache siku nzima. Chumvi ikiwa hivyo hushikilia unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma tofauti, tofauti hiyo ndiyo kosa lake.

Ligero

Mkuu, mimi niseme ukweli wangu. Perlas niliivuta, nikaiona laini mno. Kama unataka ndogo ya Kuba iliyosahaulika lakini yenye nguvu, tafuta Ramón Allones Small Club Coronas. Milimita 110, unene 42, tofauti ya kucha tu, lakini ile inakukamata shingoni tangu pafu la tatu. Ngozi, udongo wa mvua, pilipili manga. Sigaa nyembamba kwa kawaida haina nafasi ya kutiwa ligero nyingi, lile jani la juu ya mche lenye nguvu na linaloungua taratibu. Ndiyo maana hiyo ya Ramón Allones huwa inanishangaza.

Halafu angalia mwendo wako. Sigaa nyembamba inapata joto upesi. Ukivuta mara tatu kwa dakika unaichemsha, na sigaa iliyochemka lazima iwe chungu hata ikikaa miaka kumi. Pafu moja kwa dakika, moshi uishie mdomoni, usishuke kifuani.

Kiganja

@Ligero, Small Club Coronas nimeionja mara moja kwa rafiki na nakubali ni sigaa ya heshima. Ila mimi sitafuti ya kunikamata shingoni. Asubuhi kabla watu hawajaamka nina nusu saa yangu, na katika nusu saa hiyo nataka kitu cha kuzungumza nami kwa sauti ndogo. Perlas ilifanya hivyo wiki zile za kwanza, ndiyo maana imeniuma kuipoteza.

@Mzee wa Jivu, nimefanya jaribio la chumvi. Kipimo kimesoma 69! Kwa hiyo 66 niliyokuwa nafurahia ilikuwa 72. Nilikuwa nazilowesha kabisa. Sasa naelewa hata kwa nini moto ulikuwa unakimbilia upande mmoja na nawasha upya mara mbili mbili. Nimeanza kushusha polepole mpaka 64 ya kweli. Zilizobaki 17 naziacha mpaka zitimize mwaka. Nitarudi.

Mzee wa Jivu

Umefanya vizuri. Shusha taratibu, ukikausha kwa haraka jani la nje litapasuka. Na usiwe unafungua kasha kila siku kunusa.

Kiganja

Wakuu, nimerudi. Ni miezi nane tangu niandike, na kasha limetimiza mwaka tangu litoke Havana.

Nimewasha moja leo alfajiri. Nilikata kofia, ile ncha ya kuvutia, kidogo sana, nikajaribu kuvuta bila moto: mbao ileile, lakini nyasi zimeondoka, badala yake kuna kitu kama ndani ya mtungi wa asali uliokwisha. Zizi halipo kabisa. Theluthi ya kwanza kahawa ya maziwa imerudi, safari hii nzito zaidi, inakaa ulimini hata baada ya moshi kutoka. Karanga ilikuja mapema kuliko zile za mwanzo. Karibu na pete pakaja ukali mdogo wa pilipili manga, ambao zile mbichi hazikuwa nao hata kidogo. Moto ulizunguka sawasawa, jivu la kijivu likasimama kama kifundo cha kidole kabla ya kuanguka. Dakika 34 tangu kiberiti hadi nilipoiweka chini, bila kuwasha upya.

Kama mtu angenipa hii na ile ya mwezi wa kwanza bila pete, ningesema ni ndugu wawili, huyu ndiye mkubwa.

Zimebaki 16. Sita nazifungia kando zifike mwaka wa pili. @Ligero, nikipata njia nitakutumia moja ya hizi, uivute kwa pafu moja kwa dakika kama ulivyonifundisha, kisha uniambie kama bado ni laini mno.