Forester turbo ya 2004 na milioni moja na nusu mfukoni: nianzie wapi?

Kijana_wa_Boksa: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tatu nilinunua Subaru Forester Cross Sports ya 2004, toleo la SG5 yenye turbo (feni inayosukumia injini hewa kwa presha), injini aina ya EJ205, otomatiki. Mimi ni mtu wa tatu kuimiliki hapa nchini. Dashibodi inasoma kilomita 128,000, ingawa usukani umelika kama wa daladala.

Mjini inakwenda vizuri. Wiki iliyopita naenda Iringa, kufika mlima wa Kitonga nakanyaga mafuta mpaka mwisho, inaunguruma tu. Nikapitwa na Fuso la vitunguu. Mama watoto alicheka mpaka Ilula.

Fundi anataka nifunge valvu ya kutoa upepo nje, ile inayopiga "pshhh", na kidude cha kuongeza presha ya turbo. Nina 1,500,000. Halafu inakula oili, kama nusu lita kila kilomita elfu moja. Naomba ushauri kabla sijampa hela.

Chuma_Ulete: Uza mkuu. Chukua Toyota IST, kagari kadogo, ulale usingizi.

FundiMstaafu: Usimpe hata mia. Gari ikikosa nguvu unatafuta kwanza upepo unapovujia, presha huongezi.

Subaru hiyo ina sensa ya kupima hewa karibu na chujio. Kompyuta inamwaga petroli kwa hesabu ya hewa iliyopita pale. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa kwenye bomba kabla ya turbo, ndiyo maana haipigi kelele. Ukiitupa nje, petroli yake imeshapimwa na hewa haipo: kila ukiachia mafuta unatoa moshi mweusi, mara nyingine inakuzimikia kwenye foleni. Yote hayo kwa ajili ya pshhh.

Kidude cha presha ndicho kibaya zaidi. Gari hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, oktani karibu 100. Ya kwetu haifiki huko. Ukizidisha presha, mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda, unasikia kama kokoto kwenye kopo, na pistoni inakatika pale kwenye mifereji ya ringi. Hapo utatafuta injini nzima.

Vua intakula, kile kipoza hewa ya turbo kilicho chini ya tundu la boneti. Kagua kila mpira na klipu yake. Bomba linaloingiza hewa kwenye turbo hupenda kupasuka upande wa chini, usikoona. Ziba mdomo wake, ingiza upepo kidogo wa kompresa, paka maji ya sabuni kama unatafuta pancha.

Turbo_Mikocheni: Mzee unamtisha kijana. Mimi nina hicho kidude mwaka wa pili, gari inaruka.

FundiMstaafu: Inaruka Mikocheni. Ipandishe Kitonga na watu watano.

Dada_wa_Tengeru: Nusu lita kwa elfu moja si ya kupuuza, kaka. Ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, moshi wa bluu unatoka? Cheki na gasketi za vifuniko vya valvu, oili hudondokea ekzosi ukanusa kuungua. Mimi nilipuuza stiki ya oili, nikanunua turbo nyingine. Kwenye injini nyingi za EJ zenye turbo, bolti ya bomba la oili ina kichujio kidogo kama cha chai. Kikiziba, turbo inazunguka kavu. Siku hizi namwaga oili kila kilomita 5,000 na stiki naichomoa kila nikijaza mafuta.

Mzee_wa_Spea: Hakuna aliyeuliza taimingi belti, mkanda unaozungusha valvu zifuatane na pistoni? Hiyo ni ya kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Nunua pamoja na beringi zake na pampu ya maji, maana fundi anafungua palepale. Wajapani wakibadilisha hubandika stika kwenye injini, ina kilomita na mwaka. Angalia kabla hujanunua.

Kijana_wa_Boksa: Mrejesho wakuu. Bomba la chini limepasuka kweli, kuna mtu alilizungushia selotepu nyeusi. Nimepata la mtumba kwa wauza spea wa Gerezani, zima kabisa. Nimepanda nalo mlima wa Kimara, tofauti naisikia mgongoni. Moshi wa bluu hakuna, oili inatoka kwenye gasketi ya kushoto, Jumamosi inabadilishwa. Fundi wa pshhh amenuna.

Mzee wa Spea, stika nimeiona, imejificha chini ya vumbi. Belti ilibadilishwa Heisei 25 kwa kalenda ya Kijapani, yaani 2013, kwenye kilomita 163,000.

Mzee_wa_Spea: Si ulisema inasoma 128,000?

Kijana_wa_Boksa: Ndiyo mzee. Belti nanunua kesho asubuhi.

Chuma_Ulete: IST bado zipo mkuu.