Afya ya mazingira na ulinzi wa raia: kwa nini yamewekwa katika somo moja?

Mwanauguzi wa mwaka wa pili

Muhula huu tumepewa somo linalounganisha afya ya mazingira na ulinzi wa raia. Nusu ya kwanza inahusu maji, hewa, taka na makazi. Nusu ya pili inahusu mafuriko, matetemeko, ajali za kemikali na namna ya kuwapanga majeruhi wengi kwa rangi. Nimesoma maandishi yote niliyopewa, lakini bado naona mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja bila sababu. Isitoshe, nimeandika katika daftari langu kwamba baada ya maafa makubwa kazi ya kwanza ya mtumishi wa afya ni kuhimiza maiti zizikwe haraka ili kuzuia mlipuko wa magonjwa, na mwenzangu wa darasani anasema nimekosea. Naomba mnieleweshe: nusu hizi mbili zinakutana wapi, na ni mambo gani ambayo mtu wa kada ya afya hapaswi kuyakosa?

Afisa afya mazingira

Ndugu mwanafunzi, mwenzako amesema kweli. Watu waliokufa kwa kufukiwa, kuzama au kuungua kwa kawaida hawakuwa na ugonjwa wa mlipuko walipofariki, na vimelea vingi havidumu katika mwili uliokwisha kufa. Hali hubadilika pale ambapo ugonjwa wenyewe ndio ulioua, kama vile kipindupindu au ebola; hapo mazishi salama ni sehemu ya kinga. Lakini baada ya tetemeko, kuzika kwa pupa katika kaburi la pamoja huwanyima jamaa nafasi ya kuwatambua wapendwa wao, na huchukua watu na magari ambayo yangepeleka maji kwa walio hai.

Tazama Haiti. Tetemeko lilitokea Januari 2010, na miili ilikuwa mingi kupita kiasi katika mji mkuu. Kipindupindu hakikuanza wakati huo wala mahali hapo. Kilianza Oktoba, miezi 9 baadaye, katika bonde la mto Artibonite, baada ya kinyesi kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kuingia katika kijito kinachomwaga maji mtoni humo. Maiti hazikuhusika, kilichohusika ni choo kisichotunzwa na mto ambao watu waliunywa.

Hapo ndipo nusu zako mbili zinapokutana. Afya ya mazingira huuliza sumu au kimelea kimetoka wapi, kimepita njia gani, na kimemfikia nani. Ulinzi wa raia huuliza maswali hayohayo, ila kwa haraka zaidi na wakati ambapo mabomba yamepasuka. Hata sheria imeviweka pamoja: Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977 katika Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kuwalinda watu wakati wa vita, ibara ya 61, inapoorodhesha kazi za ulinzi wa raia, hutaja uokoaji, uzimaji moto na huduma za tiba, kisha hutaja pia uondoaji wa uchafuzi, makazi ya dharura na matengenezo ya haraka ya huduma muhimu za umma. Mazishi ya dharura yamo, lakini ni kipengele kimoja tu katika orodha ndefu.

Jambo la pili la kulishika ni tofauti kati ya tishio na maafa. Tishio ni tetemeko lenyewe. Maafa hutokea tishio linapowakuta watu ambao nyumba, vyoo na hospitali zao haziwezi kulihimili. Tetemeko la Haiti lilikuwa la ukubwa wa 7.0. Lile la Chile, Februari ya mwaka huohuo, lilikuwa la 8.8, maana yake lilitoa nishati takriban mara 500 zaidi, lakini liliua mamia ilhali la Haiti liliua makumi ya maelfu na zaidi. Ni kweli kwamba kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji wenye watu wengi, nami sipendi hoja inayoficha jambo hilo. Lakini kanuni za ujenzi nazo zilikuwa na sehemu kubwa.

Kuhusu takwimu, nakushauri ukariri chache. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo 1 kwa watu 20 hali inapotulia (katika siku za mwanzo huruhusiwa choo 1 kwa watu 50), na mabaki ya klorini, dawa ya kuua vimelea katika maji, ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale maji yanapotekwa. Wanafunzi wengi hukariri kiwango cha klorini na kusahau tope. Maji machafu hula klorini kabla haijawafikia vimelea, kwa hiyo yatuamishwe au yachujwe kwanza, ndipo yatiwe dawa na kuachwa kwa dakika 30.

Muuguzi wa idara ya dharura

Nakubaliana na Afisa kuhusu maji, ila naona ameiruka hewa, na hewa ndiyo inayowadhuru watumishi wa afya wenyewe. Tarehe 20 Machi 1995 gesi ya sarini, sumu inayoshambulia neva, ilipotolewa katika treni za chini ya ardhi za Tokyo, waathirika wengi hawakusubiri magari ya wagonjwa. Walijipeleka hospitali kwa miguu au kwa teksi, wakaingia na nguo zao. Mvuke uliotoka katika nguo hizo uliwaumiza watumishi waliowapokea, hasa katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Mgonjwa alikuwa amekuwa chanzo kipya cha uchafuzi. Ndiyo maana tunawavua nguo waathirika wa kemikali nje ya mlango, upande ambao upepo hautuletei mvuke, kabla ya kuwaosha. Kuvua tu huondoa sehemu kubwa ya sumu.

Kuhusu rangi, usizichukulie kama hukumu: nyekundu ni wa kutibiwa kwanza, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani ana majeraha madogo, nyeusi amefariki au hatarajiwi kupona. Kwa utaratibu wa START, njia ya kuwapanga majeruhi wengi kwa haraka, anayeweza kutembea hupewa kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye damu huchukua zaidi ya sekunde 2 kurudi katika kucha iliyobonyezwa, au asiyeweza kufuata agizo rahisi, hupewa nyekundu. Waliobaki ni njano. Kila mmoja hupewa chini ya dakika 1, na tiba pekee inayoruhusiwa hapo ni kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayomwagika. Kisha unarudia, kwa sababu wa njano wa sasa anaweza kuwa mwekundu baada ya robo saa.

Mwanauguzi wa mwaka wa pili

Nawashukuru, nimeufuta ule mstari wa mazishi. Nina swali moja la mazoezi lililonishinda: siku 3 baada ya mafuriko, umeme ukiwa bado umekatika, watu 4 wa nyumba moja wanaletwa wakiwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, bila homa wala kuharisha, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaonyesha asilimia 98. Nimeandika kwamba ni maji machafu.

Muuguzi wa idara ya dharura

Hapana, ingawa naelewa kwa nini mafuriko yamekuelekeza kwenye maji. Nyumba nzima kuugua pamoja bila homa, umeme ukiwa umekatika, kunanifanya nifikirie kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka katika jenereta na mkaa unaowaka. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na kipimo cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, kwa hiyo ile asilimia 98 inakudanganya. Wape oksijeni kwa kiwango cha juu bila kusubiri majibu, na uagize kipimo cha damu. Wakati huohuo, muulize yeyote kati yao anayeweza kuzungumza kama jenereta au jiko la mkaa lilikuwa ndani ya nyumba, na kama kuna mtu mwingine aliyebaki amelala huko.